Kulea vunjajungu wachanga: kuanguliwa, chakula, na kujivua gamba (uzi)

Kijiti Kikavu

Wakuu, maswali ya vunjajungu wachanga yamekuwa yakiulizwa kimojakimoja ndani ya nyuzi za mambo mengine, na majibu yanapotea. Nayaweka hapa pamoja. Ninaongelea mtoto tu. Vunjajungu mwenye mabawa huvumilia makosa mengi ya mfugaji, ila mtoto wa siku tatu anaweza kuzama ndani ya tone moja la maji.

Tuanze na lugha ya kuelewana. Vunjajungu hapitii hatua ya pupa kama kipepeo. Anatoka kwenye yai akiwa na umbo la vunjajungu tayari, bila mabawa, na hukua kwa kujivua gamba. Spishi nyingi hujivua mara 6 hadi 9, na dume mara nyingi humaliza mapema kuliko jike. Humu tutamwita H1 yule aliyetoka kwenye yai, H2 aliyejivua mara moja, na kuendelea hivyo.

Chombo: urefu wa kwenda juu usipungue mara tatu ya urefu wa mwili wa mdudu, upana usipungue mara mbili. Hicho ndicho kima cha chini, lakini msikimbilie upande wa pili pia. H1 wa milimita 6 ukimweka kwenye tangi la lita 10 peke yake atakufa njaa huku chakula kimo humohumo, kwa sababu yeye hawindi kwa kutembea. Anasubiri. Kikombe cha plastiki cha mililita 300 hadi 500 kinamtosha mpaka H3.

Kifuniko ndicho sehemu muhimu kuliko zote. Kata tundu kubwa katikati, bandika kitambaa cha neti kwa gundi ya moto, kwa upande wa ndani, ili mdudu apate pa kushika akining'inia kichwa chini. Matundu ya neti yasizidi milimita 1, la sivyo inzi wa matunda watatoka wote usiku mmoja. Soksi nyembamba ya nailoni inafaa. Wavu wa chuma msiutumie: kucha hunasa na nyayo hukatika. Ubavuni toboa tundu la sentimita 2, liziba kwa kipande cha sifongo. Utaingizia chakula hapo bila kufungua kifuniko ambacho huenda mdudu amekining'inia.

Chini weka karatasi ya tishu tu. Inashika unyevu, kinyesi kinaonekana, na kuibadilisha ni sekunde chache. Kijiti kimoja kilichoegemezwa kwa mshazari kinatosha, na kisizibe nafasi iliyo chini ya kifuniko.

Joto la nyuzi 23 hadi 28 za Selsiasi linafaa spishi nyingi, na usiku likishuka nyuzi 4 au 5 hakuna tatizo. Joto likizidi, mtoto hujivua harakaharaka na maisha yake yote hufupika. Kama unatumia mkeka wa joto, uweke ubavuni mwa chombo, usiuweke chini yake.

Mgeni wa Wadudu

Mkuu asante, naweka kambi hapa. Swali: watoto wametoka kwenye ganda la mayai jana asubuhi, kama 80 hivi. Nimewawekea inzi wa matunda lakini wanawakimbia badala ya kuwala. Ni wagonjwa?

Bi Nondo

Si wagonjwa. Wakitoka kwenye ganda, yaani ule mfuko mmoja unaobeba mayai yote, huwa wamevaa utando mwembamba sana, wananing'inia kwenye nyuzi zao na kuuvua palepale. Hiyo mirundo myeupe midogo unayoiona chini ya ganda ndiyo utando wenyewe. Baada ya hapo mwili unahitaji muda kukauka na kuwa mgumu, na wengi hawali siku ya kwanza, wengine hata ya pili. Wana akiba ya yai bado. Kuanzia siku ya tatu asiyekula ndiye wa kumwangalia.

Wakati huo wanachohitaji ni maji. Nyunyiza ukungu mwembamba kabisa ukutani mwa chombo, mara moja kwa siku, matone yawe madogo kuliko kichwa cha mtoto. Chupa nyingi za kunyunyizia hutoa matone makubwa mbonyezo wa kwanza, kwa hiyo bonyeza mara mbili hewani kabla ya kuelekeza ndani. Bakuli la maji usiweke, hata dogo.

Na jiandae kisaikolojia: katika hao 80 kuna watakaokufa bila kosa lako. Vunjajungu hutaga wengi kwa sababu hiyo.

Kwa wanaosubiri ganda lianguliwe: litundikwe upande uleule lilivyokuwa limebandikwa na mama yake, angalau sentimita 5 juu ya sakafu ya chombo, maana watoto wanahitaji nafasi ya kuning'inia wanapotoka. Ganda lililookotwa nje lichunguzwe. Likiwa na vitobo vidogo vya mviringo vilivyosambaa, nyigu wadogo wa jenasi Podagrion wameshakula mayai na kutoka. Si lazima wawe wamemaliza yote, ila usitegemee mengi.

Fundi Chandarua

Naongeza kuhusu chakula, maana hapo ndipo wengi hukwama wiki ya pili. Inzi waliisha, wapya hawajatoka, watoto wanaanza kulana.

Kipimo cha windo: lisizidi nusu ya urefu wa mwili wa mtoto, na unene wake usizidi kichwa chake. Kwa H1 na H2 wa spishi ndogo tumia inzi wa matunda mdogo, Drosophila melanogaster, mwenye milimita 2 na nusu hivi. Vunjajungu wakubwa wa jenasi kama Sphodromantis au Hierodula wanaweza kuanza moja kwa moja na Drosophila hydei, aliye mkubwa kidogo. Kuanzia H4 nenda kwa inzi wa nyumbani, kisha inzi wa kijani, nondo wadogo na mende wachanga.

Kuzalisha inzi: chupa ya lita moja. Ponda ndizi moja mbivu sana, ongeza vijiko vikubwa 4 au 5 vya oti na kijiko kikubwa kimoja cha siki. Chemsha dakika chache, koroga hadi mchanganyiko usitiririke ukiinamisha chupa. Kuchemsha si urembo: ndizi huja na mayai ya inzi wa mwituni na mbegu za ukungu. Hao inzi wa mwituni wanaruka, na wakizaana na wako wasioruka, kizazi kinachofuata chote kinaruka. Siki nayo inachelewesha ukungu. Mimina kina cha sentimita 2 hadi 3, acha ipoe kabisa, nyunyiza hamira kidogo sana juu, kiasi cha kushikwa na vidole viwili. Ukizidisha hamira, gesi itainua uji wote hadi kifunikoni. Chomeka karatasi iliyokunjwakunjwa ili mabuu wapate pa kupanda na kujigeuza pupa pakavu. Weka inzi 30 hadi 50. Funika mdomo kwa karatasi ya tishu mara mbili na mpira.

Kwa nyuzi 25, melanogaster hutoka baada ya siku kama 10. Hydei anachukua wiki mbili hadi tatu. Kwa hiyo anzisha chupa mpya kila wiki, hata kama ya zamani bado inatoa. Chupa iliyopita mwezi itupe, hiyo ndiyo inayoleta utitiri. Ukiona vumbi linalotembea ukutani mwa chupa, usihamishe inzi kutoka humo kwenda kwenye chupa mpya.

Kitu ambacho hakisemwi sana: chupa isikae kwenye joto la nyuzi 30. Madume ya melanogaster huwa tasa kwenye joto hilo, na wale wenye mabawa mafupi ya kurithi huanza kuota mabawa marefu zaidi. Mtu analalamika aliuziwa inzi wabovu, kumbe chupa iko juu ya friji.

Mgeni wa Wadudu

Nimeelewa kwa nini wangu walianza kuruka! Je, kila mtoto inzi wangapi?

Fundi Chandarua

H1 hadi H3, inzi 3 hadi 5 wawe wanapatikana muda wote. Kuanzia H4, kila baada ya siku mbili. Lakini hesabu isikutawale, angalia tumbo. Tumbo bapa, lililokunjamana pembeni: mlishe. Tumbo nene lililonyooka: ngoja. Tumbo lililovimba hadi pingili zinaachana ni hatari, akianguka linaweza kupasuka.

Usimwage inzi 50 kwa mtoto mmoja. Wakimpandia kichwani na mgongoni anaacha kula na kukimbiakimbia mchana kutwa.

Mzee Panzi

Kuhusu kuwaweka pamoja sikubaliani na wanaosema watenganishwe siku ya kwanza. H1 wakiwa na vijiti vingi na inzi tele, hawalani kiasi cha kutisha. Tena wakiwa pamoja, inzi wanasumbuliwa, wanatembea, na watoto wavivu wanaona kitu kinachosogea na kula. Ninachosema ni watenganishwe wanapofika H2 kwenda H3.

Bi Nondo

Inategemea spishi, Mzee. Phyllocrania paradoxa, yule anayefanana na jani kavu, unaweza kuwaweka pamoja hadi wakubwa, mradi wawe na ukubwa sawa na chakula kisikatike. Sphodromantis ukichelewa hadi H3 utabaki na mmoja mnene. Na hata kwa hao wapole, hatari kubwa si njaa, ni kujivua. Anayejivua ni laini, hana silaha, na ananing'inia akitikisika. Kwa jirani yake hicho ni chakula.

Mzee Panzi

Hapo kwenye kujivua nimekubali.

Kijiti Kikavu

Na tufike huko basi, kwa sababu vifo vingi vya kuanzia H3 na kuendelea hutokea kwenye kujivua. Watu hudhani kuna bahati mbaya saa ileile. Ukweli ni kwamba mambo mengi huwa yameshaamuliwa siku tatu au nne kabla.

Dalili: anaacha kula, siku moja kwa wadogo, hadi wiki nzima kwa walio karibu kukomaa. Rangi inafifia, macho yanakuwa kama yana utando. Anakaa juu kabisa kwenye kifuniko na hasogei. Windo likimkaribia hulipiga teke au kulikwepa. Wakubwa zaidi, vichipukizi vya mabawa mgongoni huvimba.

Ukiziona hizo, toa chakula chote. Inzi watamsumbua, lakini nyenje ni mbaya zaidi: nyenje mwenye njaa humtafuna vunjajungu anayejivua, akianzia tumboni. Ongeza kidogo kunyunyiza siku hizo, asubuhi na jioni, ukutani na kwenye tishu, si mwilini mwake. Kisha usiguse chombo. Usikihamishe ili uone vizuri au upige picha.

Kinachotokea: gamba hupasuka mgongoni, anateleza kwenda chini kichwa kikitangulia, anachomoa papasi za kichwani na miguu yote kutoka ndani ya miguu ya zamani, akibaki ameshikiliwa na ncha ya tumbo tu. Halafu anajikunja, anashika gamba la zamani au kitambaa, na kutoa ncha iliyobaki. Kutoka huchukua dakika 20 hadi saa moja. Ndiyo maana nafasi tupu chini yake iwe angalau mara mbili ya urefu wake. Akigusa sakafu au kijiti kabla miguu haijakauka, miguu hukauka ikiwa imepinda hivyohivyo.

Asilishwe kwa saa 24 baada ya hapo, na wakubwa saa 48. Mikono yake ya kunasia ikiwa bado laini, windo lenye nguvu linaweza kuipinda.

Akishindwa, sababu huwa hizi: hewa ilikuwa kavu gamba likagandana na mwili, kifuniko kilikuwa plastiki laini akateleza, hakukuwa na nafasi, kuna kilichomtikisa, au alikuwa hajala vya kutosha wiki iliyotangulia akakosa nguvu ya kujisukuma.

Papasi Ndefu

Akianguka katikati ya kujivua kuna la kufanya?

Kijiti Kikavu

Lipo, ukimkuta mapema. Mshike kwa gamba la zamani tu, kwa kibanio, na umtundike lilelile gamba kichwa chini kwa pini au uzi kwenye kifuniko. Mwili mpya usiuguse kabisa. Kama miguu miwili mitatu imenasa, lowesha sehemu hiyo kwa brashi laini yenye maji ya vuguvugu, ngoja dakika kumi, rudia. Usivute. Mguu ukivutwa unakatika kwenye kiungo.

Mguu uliokatika au uliopinda si mwisho wake. Mtoto huotesha mguu mpya kwenye magamba yanayofuata, mwanzoni mdogo, kisha unakaribia wa kawaida. Kwa hiyo H3 aliyepoteza mguu ana nafasi nzuri kuliko aliyebakiza gamba moja. Mikono ya mbele ikipinda yote miwili hawezi kuwinda, lakini unaweza kumlisha kwa kibanio: mpasue inzi, mguse mdomoni kwa sehemu yenye majimaji, ataanza kutafuna mwenyewe. Fanya hivyo mpaka gamba lijalo.

Mgeni wa Wadudu

Basi niwe nanyunyiza mara nne kwa siku ili kuwe na unyevu muda wote?

Bi Nondo

Hapana, hapo utawaua kwa upande mwingine. Unyevu bila hewa kupita huleta ukungu kwenye tishu na bakteria kwenye mabaki ya inzi. Vunjajungu anatapika majimaji ya kahawia au meusi, tumbo linakuwa jeusi na kunuka, na hapo hakuna dawa. Kipimo rahisi: matone uliyonyunyiza yawe yamekauka ndani ya saa tatu nne. Yakibaki hadi kesho yake, ongeza tundu lenye neti ubavuni. Tundu la juu na la ubavuni pamoja hupitisha hewa vizuri kuliko la juu peke yake.

Spishi nazo hazilingani. Hymenopus coronatus wa Asia ya Kusini-Mashariki, anayefanana na ua, anataka unyevu wa asilimia 60 hadi 80. (Msishtuke H1 wake wakiwa wekundu na weusi, weupe na waridi huja baada ya kujivua.) Blepharopsis mendica anatoka sehemu kame, ukimlea hivyo hatafika mbali, hewa yake iwe kavu na unyunyize mara chache tu. Idolomantis diabolica wa Afrika Mashariki anataka mchana uvuke nyuzi 30 na anapendelea windo linaloruka. Huyo asiwe wa kuanzia, jamani. Anayeanza achukue Sphodromantis, Hierodula au Phyllocrania.

Papasi Ndefu

Macho ya wangu mchana ni ya kijani, usiku meusi tii. Na mchana kuna kidoti cheusi kinachonifuata kila nikisogea.

Fundi Chandarua

Vyote ni vya kawaida. Usiku macho hujitia giza ili kukusanya mwanga zaidi. Kidoti ni zile sehemu za jicho zinazokuangalia moja kwa moja. Mwanga unaotoka upande wako unamezwa humo, haurudi kwako. Ukihama, kinahama.

Cha kuogopa ni doa la kahawia lisilohama, mbele ya jicho. Hilo ni jeraha, linatokana na kujisugua kwenye plastiki angavu akijaribu kufuata kitu kilicho nje. Bandika karatasi upande anaoukimbilia.

Papasi Ndefu

Na jinsia inajulikana lini?

Fundi Chandarua

Kuanzia H4 au H5. Mgeuze kwa kumwangalia kupitia chini ya chombo, hesabu pingili za tumbo upande wa chini: jike 6, ya mwisho ikiwa kubwa, dume 8, za mwisho zikiwa ndogondogo. Ukiwa na kamera ya simu piga picha, uhesabu taratibu.

Mzee Panzi

Mambo mawili ya haraka. Moja, wadudu wa kuokota nje wasitoke mahali palipopulizwa dawa, hata kama dawa ilipigwa wiki iliyopita. Sumu isiyomwua inzi mara moja humwua H2 anayemla. Mbili, siafu na sisimizi. Wakigundua ganda la mayai au mtoto anayejivua, hawaachi kitu. Meza yenye vyombo, kila mguu wake usimame ndani ya kopo la maji yenye tone la sabuni.

Mgeni wa Wadudu

Nikizidiwa na hao 80, niwaachie bustanini?

Kijiti Kikavu

Kama ni spishi ya palepale ulipo na ganda uliliokota palepale, waachie, tena wakiwa H1 au H2, kwenye vichaka tofauti, jioni. Kama ni wa kigeni, usithubutu. Miomantis caffra kutoka Afrika Kusini alionekana New Zealand mwaka 1978, na sasa anamsukuma nje vunjajungu wa huko, Orthodera novaezealandiae. Madume wa kienyeji huvutwa na harufu ya majike wa kigeni, wanakwenda, wanaliwa. Wa kigeni waliozidi wagawie wafugaji wengine wakiwa H2 au H3, wakati wanasafirika vizuri: kila mmoja kikombe chake, tishu yenye unyevu kidogo, bila inzi ndani.

Kuwahamisha usitumie vidole. Weka brashi laini ya rangi mbele yake, mguse taratibu kwa nyuma, atapanda mwenyewe.

Papasi Ndefu

La mwisho wakuu: gamba la mwisho linataka maandalizi tofauti?

Bi Nondo

Nafasi zaidi. Akishatoka kwenye gamba anageuka kichwa juu na kujaza mabawa, yananing'inia chini yakinyooka. Yakigusa ukuta au kijiti yanabaki yamekunjamana. Kwa hiyo vichipukizi vikishavimba ondoa vijiti vyote vilivyo katikati, acha kifuniko chenye neti na ukuta mmoja wa kupandia. Kama chombo ni kifupi mhamishe mapema, wakati bado anakula, maana akishagoma kula umechelewa. Mabawa yakinyooka mwachie siku mbili kabla ya kumpa chakula, na inzi wa kwanza awe mdogo kuliko aliowazoea.